Kazi ya urepu wa dawa ukiwa Tabora au Kigoma: unavyoitafuta na unavyokaa kwenye intavyuu

Kampuni nyingi za dawa na vifaa tiba ofisi zao ziko Dar, na ukifuatilia utakuta huku kwetu tunahudumiwa na repu, yaani mwakilishi wa mauzo wa kampuni, anayetokea Mwanza, anakuja kwa msimu, analala lodji siku mbili tatu, anapita hospitali ya Kitete na famasi za mjini kati alafu huyoo karudi. Urambo hajafika, Kaliua hajafika, Kibondo ndo usiseme. Bosi wake Dar anaangalia ripoti anaona Kanda ya Magharibi haiuzi, anadhani huku hakuna hela. Sasa hapo ndo pa kuingilia wewe unayeijua hii mikoa. Haya yote ninayoandika chini yanarudi hapohapo, kwamba unachowauzia kwenye usaili ni eneo unalolijua kabla hata hujauza dawa yoyote.

Kwanza nani anafaa maana naulizwa sana. Mfamasia na fundi dawa sanifu ndo wanatafutwa zaidi kwenye dawa, na hakikisha usajili wako Baraza la Famasi uko hai maana wanauliza namba. Watu wa maabara wanapendwa na kampuni za vitendanishi (kemikali za kupimia) na mashine za vipimo, maana huwezi kumuuzia mtu wa maabara hospitali ya Nkinga mashine ya damu wakati hujui hata inavyosafishwa. Nesi na tabibu wanachukuliwa pia, tena wengine wanauza kuliko wafamasia kwa sababu wanajua daktari anachoka saa ngapi. Kuna kampuni zinachukua hata mtu wa biashara tu ila hapo ujue utaanzia kusambaza kwenye maduka. Alafu leseni ya udereva ndugu yangu, daraja A kwa pikipiki na D kwa gari, usisubiri upate kazi ndo uanze kuhangaika nayo. Mtu asiyeendesha huku hana kazi, eneo ni kubwa mno.

Zinapatikana wapi

Ajira Portal ni ya serikali, nafasi za urepu hazipiti kule, naona vijana wanaifungua kila asubuhi wakisubiri tangazo la kampuni ya dawa, watasubiri sana. LinkedIn zipo, magrupu ya WhatsApp ya wafamasia na ya watu wa maabara zipo pia, ila zikifika kwenye grupu ujue watu mia washatuma.

Njia ambayo mimi naiamini zaidi ni kwenda famasi. Ingia famasi yoyote kubwa pale Tabora mjini au Mwanga Kigoma, omba ruhusa kwa mwenye duka usiku usiku hivi wateja wakipungua, alafu soma maboksi. Boksi la dawa lina jina la mtengenezaji na nchi, na nyingi utakuta zimetoka India. Ukishapata jina nenda kwenye rejista ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, mtandaoni, kila dawa iliyosajiliwa imo na utamwona nani anaiwakilisha hapa nchini, maana mtengenezaji wa nje lazima awe na mwakilishi wa ndani. Huyo mwakilishi ndo wa kumwandikia. Kwa saa moja ya kusoma maboksi unatoka na orodha ya kampuni ambazo tayari zinauza kwenye mkoa wako na pengine hazina mtu hapa, yaani tangazo haliko ila kazi ipo.

Ya pili, repu mwenyewe. Wale wanaotoka Mwanza wanajuana wote, na akipandishwa cheo au akihama kampuni wa kwanza kujua ni wauza famasi na sio HR. Kwahiyo ukiwa unafanya kazi duka la dawa usiwe unamwambia tu bosi hayupo, mkaribishe, mpe maji, muulize kampuni yao inaajiri vipi na namba ya meneja wa kanda. Repu aliyechoka kusafiri kuja huku atakuwa wa kwanza kukupendekeza, maana ukiajiriwa yeye ananusurika ile safari.

Tahadhari fupi. Ukiambiwa utume hela ya fomu, hela ya vipimo, hela ya sare, kata simu. Mwajiri wa kweli hachukui hela ya mtu anayeomba kazi.

Ramani ya eneo, hapa usifanye haraka

Kabla hujatuma kitu tengeneza karatasi moja au mbili za eneo lako. Hii ndo itakutoa kwenye lundo. Wengi wanatuma CV inasema mimi ni mchapakazi na ninaweza kufanya kazi kwenye presha, sawa, na wale mia wengine wamesema hivyohivyo.

Anza na hospitali. Tabora una Kitete ambayo ni rufaa ya mkoa, Ipuli ya St. Anne, una Nkinga kule Igunga, Ndala wilaya ya Nzega, una ya Wamoravian Sikonge, alafu hospitali za wilaya. Kigoma una Maweni, Kabanga kule Kasulu, Heri ya Wasabato wilaya ya Buhigwe, Kibondo na kuendelea. Kila moja andika nani ananunua na ananunua vipi, hapa ndo watu wa Dar wanapenda kusikia. Za serikali zinaanzia Bohari ya Dawa, MSD, ambao wana kanda Tabora, na kitu kikikosekana wanaenda kwa mshitiri wa mkoa, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa, na zabuni siku hizi ni kwenye NeST, mfumo wa manunuzi wa serikali wa mtandaoni. Kwahiyo repu anayesema atamuuzia mfamasia wa Kitete katoni kumi mkononi hajui anachoongea. Hospitali za misheni zina uhuru zaidi wa kununua kwa wauzaji binafsi, na hizo ndo nguvu ya mikoa yetu, ukiwa na Nkinga, Ndala, Kabanga na Heri umeshapata kitu cha kumwonyesha bosi. Pale serikalini kazi yako ni daktari aijue dawa yako, maana siku stoki imekata anaandika na mgonjwa anatoka nje kununua. Sasa famasi ya nje ya geti inayo? Hilo ndo swali la pili la ramani.

Famasi na maduka ya dawa muhimu usiyachanganye. Duka la dawa muhimu lina orodha yake ya vitu linavyoruhusiwa, sio kila antibayotiki inaruhusiwa mle. Nimewahi kusikia mwombaji anasema mbele ya wasaili atasukuma sindano za seftriaksoni kwenye maduka yote ya vijijini Uyui, meneja akafunga kijitabu chake. Kisheria umeshamwingiza bosi kwenye matatizo na hata kazi hujaanza. Andika famasi kamili ngapi ziko mji gani kwa kuzihesabu mwenyewe kwa miguu, na nani anachukua jumla na kuwauzia wengine. Mfano Kasulu unaweza kukuta maduka madogo yanachukua kwa mtu mmoja au wawili, ukiwapata hao huna haja ya kuzunguka kwa kila mtu.

Barabara na misimu iandike pia. Tabora kwenda Nzega na Igunga ni lami unakwenda na kurudi, Kigoma Kasulu Kibondo Kakonko unapanga kama mzunguko mmoja, mwambao wa ziwa kule Kalya ni mambo ya boti na sikushauri uahidi kufika kila mwezi. Mvua zinaanza Novemba hivi mpaka Aprili na ndo malaria inapanda, na utafiti wa kitaifa wa 2022 uliikuta Tabora ina maambukizi kwa watoto chini ya miaka mitano asilimia 23 wakati nchi nzima ni asilimia 8, hiyo namba iweke kwenye karatasi yako kwa kampuni yenye dawa za malaria au vipimo vya haraka. Alafu tumbaku. Urambo, Kaliua, Sikonge wakulima wakilipwa ndo mauzo ya famasi yanachangamka na madeni yanalipwa, kabla ya hapo kila mtu anachukua mali kauli. Meneja aliyekaa Dar hajui hilo, anapanga tageti ya Februari sawa na ya Julai. Ukimwambia hivyo kwa heshima ataandika.

Nyarugusu mtu akikuuliza usijifanye utauza kambini wiki ijayo. Mashirika yanayohudumia wakimbizi yana manunuzi yao na mara nyingi maamuzi yako makao makuu, mwambie ukweli kwamba hilo ni la kufuatiliwa Dar.

CV yenyewe

Kurasa mbili zinatosha, tuma PDF, jina la faili liwe jina lako na sio CV mpya mwisho kabisa 3. Juu kabisa weka unapoishi na maeneo unayoyamudu, leseni, usajili wa baraza, lugha. Kinyamwezi, Kisukuma au Kiha andika, watu wanaona aibu ila mama mwenye duka Nzega ukimwambia mwangaluka kabla ya kufungua begi anakusikiliza tofauti. Kama umeshika duka la dawa weka kazi kwa namba zako halisi, ulikuwa unaagiza kwa nani, stoki ya thamani gani, madeni ulikusanya vipi. Kama hujawahi kuuza chochote rasmi lakini ulikuwa unauza mitumba chuoni, weka, sitanii, wasaili wengi wanapenda mtu aliyewahi kukataliwa na mteja. Wadhamini weka mwenye famasi mmoja anayekujua na mmoja wa chuo au hospitali, na uwaambie kabla, sio wanapigiwa simu wanauliza nani huyo.

Imeili iwe fupi, mistari sita, ramani umeiambatanisha, na sentensi moja inasema unaishi hapa na hutaki kuhamishiwa Dar. Usipojibiwa wiki moja piga simu. Simu moja, sio kila siku.

Kujiandaa kwa usaili

Ukiitwa chagua dawa zao mbili au tatu na uzijue kweli. Inatibu nini, dozi, nani haruhusiwi, mshindani wake ni nani kwenye rafu za hapa na bei gani, bei hizo nenda kaziulize usikadirie. Angalia kama iko kwenye mwongozo wa matibabu wa taifa maana daktari wa serikali na bima wanafuata huo. Na jua TMDA wanataka nini kwenye matangazo ya dawa, vipeperushi vinapitishwa nao kwanza na dawa za cheti hazitangazwi kwa wananchi, kwahiyo usije na wazo la kuweka dawa ya antibayotiki kwenye redio ya mkoa. Sampuli haziuzwi. Hivi vitu vinaonekana vidogo ila ndo wanavyopimia kama utawaletea kesi.

Karibu kila usaili wa urepu una igizo. Wanakwambia mmoja wetu ni daktari, muuzie. Wanaofeli wanafeli kwa kusoma kipeperushi kuanzia juu mpaka chini kama wanasoma risala. Mfano wa linavyoweza kwenda, dawa ni mseto ya malaria ya watoto ile inayoyeyuka:

"Mimi ni daktari wa OPD, nje kuna foleni, una dakika mbili."

"Shikamoo dokta, foleni nimeiona sitakuchelewesha. Watoto unaowaandikia mseto, mama zao wanarudi kusema anatapika kidonge?"

"Wapo."

"Hii ni mseto ileile, ALu 20/120, ila inayeyuka kwenye maji kidogo mama anamnywesha kwa kijiko. Kilo 5 mpaka chini ya 15 ni kidonge kimoja, mara sita kwa siku tatu, na cha pili ni masaa 8 baada ya cha kwanza. Anywe akiwa amekula au amenyonya, inafyonzwa vizuri zaidi."

"Sisi mseto tunapata MSD, ya kwako ya nini?"

"Kweli dokta, na ikiwepo ya MSD mwandikie hiyohiyo. Mimi naongelea siku imekata na mgonjwa anatoka na karatasi. Famasi mbili hapo nje ya geti wanayo kuanzia jana. Naomba mtoto wa kwanza atakayekosa hapa ndani umwandikie hii, Alhamisi nitapita nikuulize imekwendaje."

Angalia repu alichofanya. Kauliza kwanza, kataja dozi bila kubabaika, hajaiponda dawa ya serikali, na mwisho kaomba kitu kimoja chenye siku. Hilo la mwisho ndo wengi wanasahau, wanaongea vizuri weee alafu wanasema asante dokta wanaondoka. Fanya mazoezi na rafiki yako tabibu, mwambie akukatishe katikati, apokee simu, aseme hana muda, maana ndo uhalisia.

Maswali mengine ya kuyategemea. Duka limechukua mali kauli ya siku 30, siku ya 45 halijalipa na linataka oda mpya, unafanyaje? Wanataka kusikia unaenda mwenyewe, unaongea na mwenye mali na sio kijana wa kaunta, mnakubaliana alipe hata nusu na tarehe ya iliyobaki, mzigo mpya hautoki bila ruhusa ya ofisi, na unaandika. Ukisema utamkopesha tena ili asihamie kwa mshindani umekosa, ukisema utampeleka polisi umekosa pia.

Daktari akikwambia nitakuandikia ila mimi napata nini? Hapo jibu ni moja, humpi hela, unampa taarifa ya dawa na kama kampuni ina semina iliyoidhinishwa utampelekea mwaliko kupitia uongozi wa hospitali. Usicheke cheke, usiseme inategemea. Wapo mtaani wanaofanya vingine, tunajua wote, lakini TAKUKURU ikija itakukuta wewe na sio meneja.

Na hili limewaangusha hata wafamasia wenye digrii: daktari anakwambia mgonjwa wake katoka vipele baada ya dawa yako. Mtu anaanza kuitetea dawa. Hapana, unachukua taarifa, unaripoti ofisini siku hiyohiyo na unamsaidia daktari ripoti ifike TMDA, kuna fomu ya njano ya madhara ya dawa. Ukiitaja fomu ya njano utaona wanaangaliana.

Wakikuuliza kwanini umeacha hospitali usiseme mshahara mdogo na bosi mbaya, hata kama ndo kweli. Sema unapenda kuzunguka na kuongea na watu, na kama hupendi kuzunguka basi kusema kweli hii kazi usiombe, utaichukia kabla ya mvua za pili.

Usafiri na siku yenyewe

Usaili wa kwanza siku hizi unaweza kuwa wa video. Tafuta chumba chenye mtandao wa uhakika, chaji simu na pawa benki, mwambie mwenzako wa nyumbani redio azime. Wakikuita Dar uliza kwa adabu kama wanarudisha nauli, sio kosa. Usisafiri kwa hesabu ya kufika asubuhi ya usaili, kutoka Tabora panda basi mpaka Dodoma siku moja kabla alafu chukua treni ya SGR, na wa Kigoma ongeza siku nyingine. Vaa kama unaenda kumwona mganga mfawidhi, viatu visafi, begi la mkono lenye ramani zako nakala tatu. Ukiisha kuongea waulize wewe: repu aliyepita kwenye eneo hili aliondoka kwa nini, mzigo unafika Tabora kwa siku ngapi ukitoka Dar, na tageti ya miezi mitatu ya kwanza ni ipi. Swali la mzigo ni muhimu kuliko linavyoonekana, ukishamshawishi daktari alafu dawa ikafika baada ya mwezi umechoma jina lako na sio la kampuni.

Mkataba ukija

Usiangalie jumla tu waliyokuandikia kwenye imeili. Tenganisha mshahara wa msingi, posho na komisheni, maana komisheni ya huku mwanzoni ni ndogo mpaka eneo lishike, kwahiyo pigania msingi. Kutoka kwenye mshahara kuna NSSF yako ambayo kawaida ni asilimia 10, kodi inaanza kwa kinachozidi 270,000 kwa mwezi, na kama una mkopo wa HESLB asilimia 15 ya msingi inaondoka, piga hesabu ya kinachobaki mkononi kabla hujasaini. Likizo ya mwaka ni siku 28 kisheria. Komisheni uliza inahesabiwa kwa oda iliyotoka au kwa hela iliyolipwa, na deni la duka lisipolipwa linakatwa kwa nani, kuna mikataba inaliweka shingoni kwa repu na hiyo mimi nisingesaini.

Alafu pikipiki. Ni ya kampuni au yako, mafuta wanatoa kwa kilomita au kiasi kimoja kwa mwezi, tairi na sevisi nani analipa, bima kubwa au ndogo, na ikiibiwa Kibondo saa mbili usiku inakuwaje. Waombe haya yaandikwe. Kiasi kimoja kwa mwezi kinamtosha repu wa Kariakoo, wewe Tabora kwenda Kaliua na kurudi mara mbili tu kimeisha, kwahiyo wapelekee ile ramani yako yenye kilomita na uwaonyeshe mzunguko wa mwezi mmoja unakula lita ngapi.